Maneno Uliyosema Kaburini

Tabaka,
Jumatatu, 4 Mei 2026

Kwa Sajenti Abner Onyiego,
Kebirigo.

Bwakire, Baba Emily. Huku tupo. Magoti yananisumbua na vumbi la mawe limenikaa kifuani, lakini asubuhi bado naamka. Natumaini chai yenu inachumika vizuri na Mama Emily hajambo.

Nilikupigia simu mara mbili, ukajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila nilichouliza, nikajua husikii. Emily akaniambia sikio lako moja halikurudi kutoka Somalia na la pili linaelekea hukohuko. Basi nimenunua kalamu. Duke alipokuwa kambini nilimwandikia kwa Kiswahili, kama tulivyofundishwa shuleni, na barua ya lugha nyingine sijui hata inaanzaje.

Jambo ni hili. Haron Bosire anatafuta ubunge wa huku kwetu. Uchaguzi ni mwaka ujao lakini spika zake zimeshatuchosha. Unamjua kuliko mimi, alikuwa koplo wako na alilala hema moja na Duke. Alipotoka jeshini alikwenda Nairobi, akawa mtu wa maandamano, kwamba wanajeshi wetu warudishwe nyumbani. Sasa amerudi kwetu na maneno yaleyale. Jumamosi alisimama sokoni, karibu na wachongaji, mimi nikiwa na beseni langu la maji nasugua vinyago vya viboko kwa msasa. Nakuandikia kama alivyosema: "Watu wangu, wanasema vijana wetu walijitolea kufa kule. Hakuna mtu alijitolea. Duke Ochoki wa hapa Tabaka hakujitolea. Alipelekwa." Watu wote wakanigeukia.

Baba Emily, siku ya kumzika Duke ni wewe uliyesimama mbele ya kaburi na sare zako, ukasimulia alivyokufa. Ulisema gari lilikuwa linatoka, kukapungua mtu mmoja, na Duke akainua mkono mwenyewe. Ulisema alijitolea. Watu wakapiga makofi kaburini, jambo ambalo sijaliona tena mpaka leo.

Mmoja wenu amenidanganya. Jana watu wa Haron walikuja kuniomba nipande naye jukwaani Kisii mjini mwezi wa saba, nisimame kama mama wa aliyepelekwa. Sijakubali wala sijakataa. Nataka kujua kwanza. Mwanangu alijitolea, au alipelekwa?

Nijibu kupitia duka la Nyasani pale Kisii. Anauza mbolea na anauza maneno, lakini barua hafungui.

Ni mimi Esnah Nyanchama,
mama yake Duke


Kebirigo,
Jumatano, 13 Mei 2026

Mama Duke,

Barua nimeipata ndani ya mfuko wa mbolea, Nyasani alivyoificha utadhani ni dhahabu. Tunashukuru, sisi ni wazima. Mvua imekuja na majani ya chai yamekuwa mengi kuliko mikono ya kuyachuma.

Naomba nikueleze habari za huyo Haron, maana vijana wanaomshangilia walikuwa wakinyonya wakati ule. Nimevaa sare miaka ishirini na minane. Nimewaona wanajeshi wa kila namna, na Haron alipoingia katika kikosi changu alikuwa mzuri. Sitamnyang'anya kilicho chake. Alipigwa risasi kwenye shavu la mguu, akafungwa bandeji, siku ya nne akarudi kazini akichechemea. Miezi tisa nilimtegemea.

Lakini asubuhi ile Duke alipokufa, Haron alikataa amri. Niliandika mwenyewe katika taarifa kwamba aliacha kazi yake mbele ya adui. Akawekwa mahabusu, kisha akafukuzwa. Yeye jukwaani huita dhamiri. Jeshini kuna jina jingine.

Halafu yale mabango. Kuna mwaka nilifungua gazeti nikamwona Nairobi, katikati ya barabara, amebeba ubao wenye majina ya wenzetu waliokufa. Duke alikuwa wa nne kutoka juu. Hakuniuliza mimi, na sidhani alikuuliza wewe. Nilikasirika siku nzima, mke wangu akaniuliza nani amenikosea. Yale ni majina ya watu niliowaita kila asubuhi na wakaitika. Sasa yamekuwa ya kupigia kelele barabarani, na mwaka huu ya kuombea kura.

Usidhani nasema vita vile vilikuwa vizuri. Mimi nikimsikia mtu anavisifu nachoka, na nikimsikia anavitukana nachoka vilevile. Naenda shambani.

Kuhusu Duke, niliyoyasema kaburini niliyasema. Alikuwa kijana jasiri na mtiifu, hakuna aliyemlalamikia. Nakushauri usipande jukwaani na mtu wa namna ile.

Wako katika heshima,
Abner Onyiego, sajenti mstaafu


Tabaka,
Alhamisi, 21 Mei 2026

Baba Emily,

Umeniandikia ukurasa mzima wa Haron na mistari miwili ya Duke. Sikuuliza kama alikuwa jasiri. Sikuuliza kama alikuwa mtiifu, mimi ndiye niliyemlea.

Huku kwetu mchongaji akiona jiwe lina ufa hulipaka nta nyingi mahali pale pale, mzungu anunue bila kuona. Nimesugua mawe miaka thelathini na mitano. Barua yako nimeipitisha mkono na nimepaona palipo na nta.

Utajiuliza kwa nini mwanamke mzee anasumbuka na neno moja baada ya miaka kumi na mitatu. Nina sababu, na nitakwambia ukishanijibu. Alijitolea au alipelekwa?

Esnah


Kisii mjini,
Jumanne, 2 Juni 2026

Sajenti,

Nyasani ameniambia wewe na Mama Duke mnaandikiana. Barua hakufungua, aliona majina tu, lakini mdomo wake unaujua.

Watu wa Ogoti, mpinzani wangu, watafika kwako siku si nyingi. Watakuja na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, inayosema nilikimbia vita. Weka sahihi ukitaka. Uliwahi kuandika hivyo, nami nikakaa mahabusu siku tisini, kisha nikatolewa langoni na suruali ya kiraia isiyonitosha. Nimejaribu kukuchukia, Afande. Haikuwezekana. Nakumbuka redio ilivyokuwa ikikupigia kelele asubuhi ile.

Nakuandikia jambo ambalo siwezi kulisema kwa spika. Nikisema Duke alipelekwa, nimesema nusu. Watu wanashangilia, na mimi nasimama pale nikingoja mtu mmoja aulize alipelekwa mahali pa nani. Hakuna aliyewahi kuuliza. Miaka yote ya maandamano nilibeba jina lake nikidhani siku moja nitamalizia. Kila nikifika hapo naona uso wa mama yake. Gari la kampeni huwa nalipitisha njia ya juu ili nisipite kwake. Jumamosi ile sikujua yupo sokoni, nilimwona nikiwa nimeshataja jina. Siku ya pili meneja wangu akatuma watu wamwombe apande jukwaani. Nilisikia, nikawaacha.

Wanaonipenda wananiita shujaa na wasionipenda wananiita mtoro, na wapo wanaoniita yote mawili kabla ya chakula cha mchana. Nimechoka. Kwamba vijana warudi nyumbani, hilo naliamini nikiwa na kura au bila kura. Lakini sijui tena kama nalisema kwa ajili yao au kwa ajili ya kujifunika.

Wewe ndiye uliyesimulia kaburini. Mimi nilikuwa ndani, hata kumzika sikumzika. Sikuombi chochote.

Haron Bosire


Kebirigo,
Jumanne, 9 Juni 2026

Mama Duke,

Hakujitolea.

Nimeliandika hilo kwanza ili nisije nikazunguka tena. Mengine yasome ukiwa umekaa.

Tuliamriwa kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kupeleka maji na chakula kambi ya mbele. Gari la kupima mabomu ya kutegwa lilikuwa limeharibika siku nne. Watu walipangwa kumi katika gari la kwanza, na Haron alikuwa mmoja wao. Alifika mlangoni mwa gari akasimama. Akasema, "Afande, barabara haijapimwa. Sipandi, na usimpandishe mtu." Alisema mbele ya wote. Redio ilikuwa inauliza kwa nini hatujatoka. Mama Duke, sikufikiri barabara wakati ule. Nilifikiri kwamba koplo amenivua nguo mbele ya askari wangu, na nilitaka gari lile liondoke na watu kumi.

Duke hakuwa katika orodha. Alikuwa amekaa juu ya dumu la maji akinywa chai, amevua buti moja, kwa sababu alikuwa ametoka doria jana yake. Ndiye aliyekuwa karibu, hakuna sababu nyingine. Nikasema, "Ochoki, panda." Akasema, "Afande, mimi si nilitoka jana?" Hakuwa anabisha, alidhani nimesahau. Nikasema, "Panda." Akavaa buti. Kikombe akampa Haron, akamwambia amshikie.

Mimi nilikuwa katika gari la pili. Tulikwenda kama kilomita sita. Sikio langu liliishia pale, na unajua yaliyobaki.

Haron hakukimbia. Tuliporudi tulimkuta amesimama palepale na kikombe mkononi. Niliandika kwamba aliacha kazi mbele ya adui kwa sababu, kama ningeandika alichosema, wangeniuliza kwa nini sikumsikiliza. Bado siyapendi mabango yake, siwezi kukudanganya tena hata kwa hilo. Lakini asubuhi ile, kambi nzima, yeye peke yake alisema kweli, na mimi ndiye niliyemfunga.

Kaburini nilikuwa nimepanga kusema ilikuwa zamu yake. Nikakuona umeshikwa na wanawake wawili, na mkewe Sharon amesimama na mimba ya miezi saba, na wazee wananiambia, "Sema, Afande, watu wasikie." Neno likatoka. Nilidhani litawapa kitu cha kushika. Lilinifunika na mimi pia, na nilijua hivyo nikiwa naliwaza, kabla hata ya kulisema.

Juzi Jumapili wanaume wawili wa Ogoti walikuja hapa na karatasi. Mke wangu aliwapa ndizi, wakala, wakanipa kalamu. Niliisoma. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, yale ya taarifa, sijui waliyapata wapi. Niliwarudishia nikawaambia macho yananisumbua, nitasoma siku nyingine. Hata ukweli nilishindwa kuwaambia wageni wawili. Ndipo nikaona nikuandikie wewe kabla sijafa na woga wangu.

Sina la kuomba. Nimekosa kwako na kwa mtoto wako.

Abner


Tabaka,
Jumatatu, 22 Juni 2026

Sajenti,

Barua yako niliisoma Jumatano. Siku mbili sikugusa jiwe.

Niliahidi kukwambia kwa nini nauliza. Unasema ulitupa kitu cha kushika. Basi sikiliza nilichoshika. Miaka kumi na mitatu nimemkasirikia Duke. Watu waliponiita mama wa shujaa niliitikia, na moyoni nilikuwa nikimuuliza: mtoto gani huinua mkono, mkewe ana mimba, mama yake ni mjane, na hakuna hata aliyemtaja jina? Nilidhani alituweka sisi upande huu na wenzake upande ule, akawachagua wao. Sharon naye alidhani hivyo. Siku aliporudi kwao na mtoto aliniambia, "Mama, kama huyu mtu alituacha kwa kupenda kwake, mimi nakaa hapa nikimngoja nani?" Na mimi nilimwona Duke hivyohivyo. Mwezi wa kumi na moja, wenzangu wa kanisani wakienda kusafisha makaburi ya watu wao na kuomba, mimi nilikuwa nafagia lake kwa nguvu kama mtu anayefukuza kuku. Sala ilinishinda. Nilikuwa naondoka nimekasirika zaidi ya nilivyokuja.

Kumbe alisema, "Mimi si nilitoka jana?"

Alitaka kubaki. Alitaka kumaliza chai yake. Mimi nilikuwa na mtoto aliyetaka kubaki, na ninyi wawili mlijua, mmoja kwa miaka yote amekaa Kebirigo akichuma majani, mwingine namwona anavyopita njia ya juu.

Usiniandikie maneno ya kuomba radhi, sina pa kuyaweka sasa. Nataka jambo moja. Sisi kifo cha mtu tunakisimulia nyumbani kwake, mbele ya kaburi, ukoo ukisikia, ili asibaki mtu wa kusingiziwa. Wewe ulisimulia vibaya, na aliyesingiziwa ni marehemu. Njoo usimulie upya, palepale uliposimama. Ni Jumapili, tarehe 12 Julai, baada ya misa, kwa hiyo Sabato yako ya Jumamosi haijaguswa. Wazee wa ukoo nimewaambia. Sharon nimempigia simu.

Kwenye jukwaa la Kisii siendi. Haron mwambie wewe, mimi nikimwandikia nitaandika vibaya. Aje kama alivyopaswa kuja kumzika.

Esnah Nyanchama


Kebirigo,
Jumatatu, 29 Juni 2026

Koplo Bosire,

Sahihi sikuweka.

Mama Duke sasa anajua yote, hadi kikombe. Anataka nisimulie upya kaburini Jumapili tarehe 12 Julai, na amesema uje kama ulivyopaswa kuja kumzika. Hakuniagiza nikubembeleze, na sikubembelezi. Nakueleza tu mambo yatakavyokuwa. Kila mtu pale atakuwa ameinua simu. Kabla hatujafika nyumbani Ogoti atakuwa na video, na watasema uliacha mwenzako afe mahali pako. Watu hawatauliza habari ya barabara. Huenda ikakuangusha. Mimi wataniita muuaji, lakini mimi siombi kura kwa mtu, kwa hiyo nafuu iko kwangu, kama ilivyokuwa siku zote.

Nimeandika kwa wakubwa wa jeshi kwamba taarifa niliyotoa juu yako mwaka ule haikuwa kweli, na nimeeleza ulichosema mlangoni mwa gari. Sijui kama yupo atakayeisoma. Nakala yako iko kwa Nyasani, kwenye bahasha ya kahawia. Ningeiandika mapema ungekuwa na maisha mengine, nalijua hilo.

Ukija usije na magari, wala vijana wenye fulana za sura yako. Tutasimama wawili tu.

Onyiego


Tabaka,
Jumatatu, 20 Julai 2026

Baba Emily,

Nyasani anasema hujaonekana Kisii tangu siku ile. Emily naye ameniambia unachuma chai kutoka alfajiri hadi giza linaingia. Pumzika. Wewe si kijana.

Video ya kaburini imefika kila mahali, kama ulivyojua. Jumamosi watu wa Ogoti waliicheza sokoni kwa spika kubwa, wakarudia mara nne pale Haron anaposema, "Kiti kilikuwa changu." Wengine walizomea. Mwanamke mmoja anayeuza ndizi aliwaambia wazime, wakamwambia anunue masikio mengine. Vijana wa Haron wenyewe wanasema mtu wao amejimaliza. Huko Kisii alihutubia kikundi kidogo siku hiyohiyo, akarudi mapema.

Jana alikuja hapa kwa miguu, peke yake. Nilimpa kiti. Hatukuzungumza siasa. Nilimuuliza ile chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi. Akasema ya rangi, na Duke alikuwa ameinywa nusu. Nikamuuliza kama alilalamikia sukari. Akasema ndiyo, kila siku. Tukacheka kidogo, kisha akalia, nikamwacha alie. Kura yangu nitampa na nimemwambia, kwa sababu kuhusu vijana wa watu wengine walioko kule hajakosea. Lakini jina la Duke asilitaje tena kwa spika, na kwenye mabango alifute. Amekubali.

Wewe sijakusamehe. Nalisema wazi ili usije ukadhani kunyamaza kwangu kulikuwa msamaha. Ulipomaliza kusimulia nilitaka kukupiga na nilitaka kukuletea maji ya kunywa, nikabaki nimekaa. Labda iko siku. Sikuahidi.

Sharon alikaa mpaka Jumanne, yeye na binti. Mtoto yule ana paji la uso la baba yake. Aliniuliza, "Kwa hiyo baba alitaka kurudi?" Nikamwambia ndiyo, alitaka. Mama yake alitoka nje, nikamsikia huko nyuma ya jikoni, nami nikamfuata.

Usiniandikie kwa muda, wala usitume salamu kwa Nyasani. Si kwa ubaya. Ile hasira nilikuwa nayo kwa Duke, na sasa nikitaka kuihamishia kwako naona nimeshachoka nayo, siwezi kuibeba tena hata hatua moja. Na kazi ninayo. Nina mtoto wa kumlilia, na nimechelewa miaka kumi na mitatu.

Esnah Nyanchama,
mama yake Duke